Futi Mbili za Kitanda

Mkono niliokuwa nimeushika ulikuwa wa kulia, ule mzima. Wa kushoto ulikuwa umekufa tangu alipopata kiharusi, na sasa ulikuwa chini ya matofali pamoja na kifua chake na nusu ya godoro. Ilikuwa saa nne asubuhi, mvua inamwagika nje, na ukuta wa nyuma wa chumba chetu ulikuwa umemlalia mume wangu. Pale ulipokuwa ukuta kulikuwa na tundu, na kwenye tundu kulikuwa kunaingia kitu cheusi, kizito kama uji uliochacha. Harufu yake niliijua kabla sijaielewa. Kilinifika magotini. Mimi nilikuwa navuta tu.

Mkono ule ulikuwa na nguvu. Alikuwa fundi cherehani, alikata vitambaa kwa mkasi mzito maisha yake yote. Alinishika mpaka vidole vyangu vikafa ganzi. Juu yetu zege ikalia, si mlio mkubwa, mlio kama wa mtu anayevunja muwa kwenye goti. Nyuma yangu jirani yetu, mzee mwalimu wa madrasa, akaingia na kanzu yake ndani ya uchafu ule, akanikamata kiunoni.

"Mama, toka. Toka, inashuka yote."

Nikamwambia hapana. Mume wangu akanitazama. Tangu augue maneno yalikuwa yakimtoka polepole, na wakati wa polepole haukuwapo. Akafungua vidole.

Watu wameniambia nilimwachia. Wanasema kwa huruma, kwamba hata wao wangeachia. Mimi sikumwachia. Yeye ndiye aliyeniachia. Najua mkono ulioteleza ulivyo na najua mkono uliofunguliwa ulivyo. Alifungua kidole kimoja kimoja, vile alivyokuwa akichomoa pini kwenye nguo ya mtu ili asiichane.

Mwalimu akanivuta hadi barabarani. Zege ikashuka pale nilipokuwa nimesimama.

Kwenye karatasi za polisi imeandikwa mvua. Nimesomewa na watu wawili nihakikishe, kwa sababu mimi shule niliachia darasa la nne. Mvua, basi. Kana kwamba mvua ndiyo iliyochimba, ndiyo iliyopiga plasta, ndiyo iliyogonga muhuri. Ndiyo maana naandika, kwa mwandiko huu wangu mbaya. Haikuwa mvua. Walikuwa watu, na watu wenyewe wako hai, wanakula, wanalala.

Tulikuja Kampala kutoka upande wa Kisumu tukiwa vijana. Mume wangu alipata meza soko la Nakawa, akawa anashona sare za shule, na mimi nikawa nakaanga mandazi na kuchemsha chai. Tulipanga Kasubi, kwenye kiwanja cha mama mmoja mjane. Watoto wetu wawili walikulia pale, wakakua, wakarudi Kenya kutafuta maisha. Tukabaki wawili.

Lazima nieleze kiwanja kilivyokaa, la sivyo hamtanielewa. Ni mteremko. Juu kabisa kulikuwa na vyumba vyetu sisi wapangaji, vimepangwa mstari mmoja. Katikati ni nyumba ya mama mwenyewe na uani kwake. Chini ni barabara. Marehemu mume wake alikuwa na gari, na kwa sababu gari haliwezi kulala kwenye mteremko, alijenga sakafu ya zege iliyotoka usawa wa ua ikaja mpaka barabarani, imesimama juu ya nguzo. Gari liliuzwa siku nyingi. Sakafu ikabaki, na chini yake pakabaki uwazi, giza, unaofunguka barabarani. Mama aliweka kuku humo, na mabati yaliyooza, na magunia ya makaa. Na pale sakafu inapoungana na ua, kulikuwa na migomba. Kichaka kimoja tu, migomba sita au saba, minene, majani mapana yanang'aa. Sehemu nyingine ya ua ule hata mchicha haukuota vizuri. Nilipita kando ya ile migomba kila siku ya Mungu, nikaisifu. Sikujiuliza kwa nini imestawi pale peke yake.

Mtu aliyezaliwa Kampala angejiuliza. Hilo nimelijua baadaye.

Kiharusi kilimpata mume wangu sokoni, akiwa amekaa kwenye mashine. Alirudi kutoka hospitali akiwa nusu. Na kutoka barabarani hadi chumbani kwetu kulikuwa na ngazi za udongo thelathini na moja. Vijana wa bodaboda walimbeba mgongoni, na yeye akawa anawatania: "Mimi sasa ni gunia la makaa. Mbona hamniulizi bei?" Walicheka. Siku ya pili walicheka kidogo. Baadaye ikawa kila nikiwaita wana abiria.

Basi akakaa ndani. Mwaka mzima na zaidi. Mlango wetu ulitazama ukuta wa jirani, ukuta mtupu. Aliacha kunyoa ndevu, halafu akaacha kuuliza habari za sokoni. Siku moja namgeuza kitandani, akaniambia, neno moja baada ya jingine, "Mama watoto. Nimesahau. Watu wanavyotembea."

Hilo ndilo lililonipeleka kwa mama mwenye nyumba. Sikutaka utajiri. Nilitaka mume wangu akae kwenye mlango ulio sawa na barabara, kiti chake cha magurudumu kiingie na kutoka, aone watu wanavyotembea.

Nilimkuta anamenya matoke uani, miguu ameinyosha mkekani.

"Nnyabo," nikamwambia, yaani bibi kwa lugha yao, "nataka kile kishimo chako chini ya sakafu ya gari."

"Kuku zangu zitaenda wapi?"

"Kuku wako wana miguu miwili mizima. Mzee wangu ana mmoja."

Akacheka mpaka kisu kikamwanguka. Alikuwa mcheshi, sitamnyima hilo. Alikuwa na mazoea ya kunichokoza kwa lugha yangu. "Nyinyi Wakenya na Kiswahili yenu. Mimi mutu akinisemesha Kiswahili mulangoni, kitu ya kwanza naficha redio." Alikuwa msichana wakati askari wanaingia nyumba za watu, na Kiswahili alikisikia mara ya kwanza kwenye midomo yao. Nilimwelewa. Tulikuwa tunacheka wote wawili.

Tukakubaliana. Sisi tutengeneze chumba wenyewe, kodi tutaanza kulipa baadaye. Alitoa sharti moja tu.

"Fundi ni wangu. Mugeni hachimbi kwa kiwanja yangu."

Mimi nikafurahi. Nikaona anatujali, hataki tuibiwe.

Mwenyekiti wa mtaa alikuja kwa sababu huwezi kuchimba bila karatasi yake. Mzaliwa wa pale pale, amecheza kwenye ua ule akiwa mtoto. Alisimama barabarani na viatu vyake safi, hakuingia. Akamuuliza mama kule juu, "Hapo nyuma kuna nini?" Mama akajibu, "Si unaona, migomba." Mwenyekiti akaitazama migomba. Kisha akaweka karatasi juu ya paja, akagonga muhuri. Nikamuuliza kama hatuhitaji watu wa jiji waje kukagua. "Kwa kitu kidogo kama hii? Utawasumbua bure, mama."

Fundi mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, mkimya, aliyewahi kuwa mlinzi kwenye kambi fulani, na Kiswahili chake alikiokota huko huko. Kila mtu kwake alikuwa afande. Mimi nilikuwa afande mama. Alikuwa amefanya kazi kwa mama yule tangu ujana: ngazi alichimba yeye, uzio alijenga yeye, kila shimo la kiwanja kile alilijua kwa mikono yake.

Tulitoa kuku. Tulitoa kinyesi cha kuku, karai baada ya karai, na mimi ndiye niliyebeba kichwani. Tulipiga sakafu. Jioni napanda ngazi thelathini na moja, nimechafuka mpaka kwenye kope, namkuta mume wangu anasubiri ripoti. Hiyo ilikuwa dawa kubwa kuliko vidonge. Alinituma na futi yake ya kushonea, ile ya kuzungusha kiunoni, nipime kila upande. Halafu akachukua chaki na kipande cha katoni, akakichora chumba kama anavyochora shati. Hapa mlango, hapa jiko, hapa cherehani. Pembeni akaacha nafasi, akasema ni ya mshono. Nikacheka. Chumba kina mshono?

Kila alivyochora, kitanda hakikuingia. Kikiwekwa kwa urefu, kiti cha magurudumu hakipiti. Kikiwekwa kwa upana nyuma, kinatokeza mpaka kwenye cherehani. Alichora mara nne. Mwisho akapiga chaki kwenye ule upande wa nyuma.

"Inabana kwapa," akasema. "Toa futi mbili."

Asubuhi nikampelekea fundi agizo. Ongeza futi mbili kuingia kwenye udongo, upana wa kitanda tu, kama kabati.

Fundi akaangalia ule ukuta wa udongo. "Afande mama, hapa tuache."

"Kwa nini?"

"Tuache tu. Chumba imetosha."

"Kitanda hakiingii."

"Munaweza kulala chini."

"Wewe utamwinua mzee kutoka chini kila asubuhi?"

Akaanza kuchimba taratibu, kama mtu anayekwangua sufuria. Futi ya kwanza udongo ulikuwa mwekundu, mgumu, ule wa Kasubi tunaoujua. Kisha ukabadilika. Ukawa mweusi na laini, unashika kwenye koleo. Mimi mwenyewe niliuona. Niliuchukua mkononi.

"Huu si ndio mzuri?" nikasema.

"Mzuri ya kupanda."

"Basi utachimbika haraka."

Nataka mnisikilize vizuri hapa. Fundi aliweka sururu chini. Alitazama juu, kwenye dirisha la mama. Akapanda uani. Alikaa huko muda wa mtu kunywa kikombe cha chai. Najua, kwa sababu nilikuwa nimemmiminia chai na ikapoa. Niliwasikia wakizungumza Kiluganda, sauti ya chini. Kiluganda nakijua cha sokoni, cha kuuza mandazi, na wao hawakuwa wanauza mandazi. Nilichokisikia ni sauti ya mama ikipanda mara moja. Fundi akashuka.

"Amesema nini?"

"Amesema kale."

Kale ni sawa, ni haya basi. Ni neno wanalosema kwa kila kitu. "Basi kale," nikamwambia, na nikampa chai yake. Hakuinywa.

Akachimba ile futi ya pili. Alijenga ukuta wa tofali moja moja, na nyuma yake akaweka kavera, zile karatasi nene za plastiki, mara mbili, akazikunja juu na chini kwa uangalifu kama anafunga chakula cha safari. Nilimsifu. Nikamwambia mume wangu tumepata fundi mwangalifu sana.

Tulimshusha siku ya Jumapili, baada ya kanisa. Alinyoa ndevu. Alipofikishwa mlangoni akageuza kiti kwa mkono mmoja akaikabili barabara, na hakuingia ndani mpaka jua likazama. Alikuwa anatazama miguu ya watu.

Kulikuwa na cherehani kuukuu ya mkono, ya kuzungusha gurudumu. Tukaiweka mlangoni. Yeye alizungusha kwa mkono wa kulia, na mimi nikakaa upande wake wa kushoto nikawa mkono wake wa kushoto, nasukuma kitambaa. Mwanzoni tulishona mapindo yaliyopinda kama njia ya mbuzi. Alinikemea: "Usivute. Kiachie kitembee chenyewe." Baada ya wiki mbili tukawa fundi mmoja mwenye mikono miwili. Kola za mashati, zipu, sketi za shule. Watu wakaanza kutujua.

Mwalimu wa madrasa alikuwa na duka lake ng'ambo ya barabara, sabuni na sukari mbele, watoto wakisoma nyuma. Watu wa ukoo wake walikuja kutoka pwani enzi za mababu, na Kiswahili chake kilikuwa kisafi, kilinifanya nione aibu na changu. Alileta kanzu zake zishonwe, akasimama kupiga soga.

"Mzee, naona umehamia chini ya ardhi."

"Upande wa kushoto, mwalimu, umeshatangulia," mume wangu akamjibu. "Wa kulia bado. Una kazi za watu."

Mwalimu akacheka akishika mlango. Nilikuwa sijamsikia mume wangu akisema maneno mengi hivyo kwa pamoja tangu kiharusi. Nasema wazi, zile wiki tisa zilikuwa nzuri. Ndizo zinazonitesa. Chumba kingekuwa kibaya tangu mwanzo ningekuwa na amani.

Wiki ya tano ukuta wa kitanda ulianza kutoa jasho. Matone madogo, asubuhi, upande wa kichwani. Nikapangusa. Kesho yake yakarudi, na chini ya plasta kukawa na madoa ya kahawia kama ramani. Kukawa na harufu pia, tamu tamu, ya kitu kilichofungiwa. Nilisema ni kuku, kinyesi chao kimeingia kwenye udongo. Nikasugua sakafu mpaka mikono ikachubuka.

Nikapanda kwa mama. "Nnyabo, ukuta unalia."

"Ni simenti mupya. Inatoa jasho. Washa jiko, itakauka."

"Kuna harufu."

"Bambi," akasema, maana yake pole, kwa sauti ya huruma kabisa. Akainuka, akachukua panga, akaenda kwenye ile migomba, akanikatia mkungu mzima wa matoke. "Kula na mzee. Yeye apate nguvu."

Niliyamenya. Niliyapika. Nilimlisha kwa kijiko. Yalikuwa matamu.

Akamtuma fundi. Akaja, akagonga ukuta kwa vifundo vya vidole, sehemu tatu, akiwa ametega sikio. Kisha akapiga plasta nyingine juu ya madoa. Mume wangu alikuwa kitandani anamtazama kwa karibu, kama mtu na kinyozi wake.

"Fundi, kuna maji huko nyuma?"

"Kidogo, afande."

"Yanatoka wapi?"

"Juu."

Nikamwekea chai. Akaniambia ana haraka. Ilikuwa mara ya pili mtu yule kuiacha chai yangu, na hakuna mtu wa mjengo anayeiacha chai yangu. Niliona, lakini sikuuliza.

Halafu zikaja mvua. Siku nne. Siku ya nne asubuhi nilikuwa mlangoni nakaanga mandazi, yeye bado kitandani kwa sababu ya baridi. Akaniita. Si kwa hofu, aliniita kama mtu anayetaka uone kitu. Plasta ilikuwa imefanya tumbo. Ilikuwa imetoka nje, duara, inang'aa. Nikaacha karai la mafuta, nikaanza kumfunua blanketi nimwinue. Yaliyobaki nimeshayasema.

Walimtoa mchana. Sitasimulia alivyokuwa. Nitasema tu kwamba wanaume walioshika makoleo walifunga vitambaa puani, na nilimwosha mimi mwenyewe, maji saba, na harufu bado.

Tulimpitisha mpaka wa Busia, tukamzika kwao. Watoto walitaka nibaki. Nilirudi Kampala kuchukua cherehani, iliyookolewa kwa kuwa ilikaa mlangoni. Mwalimu alikuwa ameniwekea dukani, ameisafisha na kuipaka mafuta. Alinikalisha kwenye gunia la sukari, akanipa maji.

"Mama, kuna neno linanikaa hapa," akasema, akigusa koo. "Pale kwenye migomba kulikuwa na choo."

"Choo gani?"

"Cha shimo. Cha zamani, cha nyumba nzima na wapangaji. Kilijaa, wakakifunika kwa udongo, wakapanda migomba juu. Ndivyo watu wanavyofanya huku. Ukiona migomba imestawi mahali pamoja, unajua."

"Wewe ulijua."

"Nilijua."

"Ulikuja kila siku. Ulisimama mlangoni ukacheka na mume wangu."

"Nilidhani mmeambiwa, mama. Nikasema wameambiwa na wamekubali, kwa shida zao. Mtu mzima utamwambiaje kwamba analala kando ya choo? Niliona haya."

Huyu ndiye mtu aliyeniokoa. Aliingia na kanzu nyeupe ndani ya kitu kile akanitoa. Namshukuru, na namtaja hapa pamoja na wengine. Alikuwa na haya ya kusema neno, na mume wangu hayupo.

Nikamuuliza nani alilifunika lile shimo. Akaniambia. Fundi. Fundi yule yule, kijana wakati huo. Alilichimba yeye, alilifunika yeye, na migomba aliipanda yeye.

Nilipanda kwa mama siku hiyo hiyo. Alikuwa kwenye mkeka. Hakunichokoza kwa Kiswahili. Nilisimama, nikamwambia, "Ulijua kuna choo."

"Ni mvua, nnyabo. Mvua ya Mungu. Hata polisi waliandika."

"Siku ile fundi alikuja hapa juu. Mlizungumza. Mlisema nini?"

"Sikumbuki. Fundi anakuja kila siku kuomba chai."

Chai. Alinitajia chai.

Mwenyekiti aliniambia yeye aligonga muhuri wa chumba, hakugonga muhuri wa futi mbili. Hizo, akasema, niliongeza mwenyewe. Ni kweli. Hilo jambo nalijua na silikwepi. Mume wangu alichora kwa chaki na mimi nikalipeleka agizo, na lile tumbo la plasta lilikuwa pale pale kwenye futi zetu mbili. Sipati usingizi kwa sababu hiyo, msifikiri napata. Lakini mimi niliomba nafasi ya kitanda. Sikujua naomba nini. Wao walijua nimeomba nini, na wakanipa.

Fundi nilimfuata Kawempe. Nilisikia anajenga ghorofa huko. Nikamwona juu ya majukwaa ya mbao, ghorofa ya pili, na yeye akaniona. Nikamwita. Akapanda ya tatu. Wenzake wakawa wanamtania, "Fundi, mke wako mukubwa amekuja," na mimi sikucheka wala kuondoka. Nilikaa kwenye rundo la mchanga tangu asubuhi. Mchana wenzake walishuka kula. Yeye hakushuka. Alikaa kule juu na mwiko mkononi, hapigi plasta, amenipa mgongo. Jua lilipopoa nikaondoka, kwa sababu niliogopa ataanguka, na nikajichukia kwa kuogopa.

Sasa sikilizeni kwa nini nimeharakisha kuandika. Juzi nilipita pale Kasubi. Ile sakafu imejengwa upya. Chini yake kuna mlango mpya, umepakwa rangi ya kijani, bado unanuka rangi. Migomba iko pale pale, imekatwa na tayari imechipua. Mlangoni kulikuwa na mwanamke wa Kikongo anafua, na ndani nikaona kitanda, kimekaa kwa upana, nyuma, kwenye kile kishimo cha futi mbili. Kimetandikwa shuka la maua.

Nikamsalimu. Nikamuuliza kama chumba ni kizuri.

"Kizuri, mama. Karibu na barabara. Lakini ukuta unatoka jasho. Mwenye nyumba anasema ni simenti ya mupya."

Nikamwambia. Nilimwambia neno lenyewe, nikamwonyesha migomba, nikamweleza na yaliyompata mume wangu. Akaacha kufua. Povu likawa linakauka kwenye mikono yake.

"Nitaenda wapi?" akasema. "Nimelipa mpaka miezi mitatu. Nina watoto."

Nimempa nafasi ya sakafuni kwangu, kwenye chumba nilichopanga sasa hapa Kampala. Hajaja bado, na mvua ziko karibu.

Kwa hiyo sikuandika ili mnipe pole. Pole nimezipata za kutosha. Wewe mama mwenye nyumba, najua kuna watu watakusomea hii, hata kama ni Kiswahili, ficha redio ukitaka. Wewe fundi, shuka kwenye majukwaa. Mlikaa uani muda wa kikombe cha chai, mimi niko chini na udongo mweusi mkononi, mume wangu juu anasubiri ripoti. Neno lilikuwa moja, fupi. Choo. Mimi wa darasa la nne naweza kuliandika. Mngelisema, ningelala chini, ningemwinua kila asubuhi mpaka mgongo uvunjike. Hamkulisema, na huyu mwanamke hamjamwambia pia.

Nataka mje mbele ya mlango ule wa kijani, mchana, kabla ya mvua, mwenyekiti na muhuri wake awepo, mwalimu awepo, na mnijibu mbele ya huyu mwanamke na watoto wake: siku ile, pale juu, mlisema nini?